Samaki Mla Nyama Sebuleni: Kazi Iko Kwenye Maji

Kwa wauza samaki wa mapambo hapa Dar es Salaam, oska huuzwa akiwa na urefu wa kidole. Yumo kwenye mfuko wenye maji kidogo, mwili mweusi wenye mabaka ya rangi ya chungwa, macho yakimfuata kila anayepita mbele yake. Mnunuzi huuliza anakula nini, anang'ata au hang'ati, atawala wenzake au atawaacha. Maswali hayo yana majibu mepesi. Gumu ni lile lisiloulizwa: huyu akishakula, anachokitoa kitakwenda wapi?

Humo ndimo mnamotoka ukubwa wa tangi, aina ya filta, idadi ya ndoo utakazobeba kila wiki, na kama samaki atafika mwaka wa kumi au atakufa kabla ya mwezi kuandama. Watu wengi hudhani wamenunua samaki. Walichonunua ni kazi ya kutunza maji, na samaki ndiye anayeyachafua.

Oska, ambaye wataalamu humwita Astronotus ocellatus, ni mwenyeji wa bonde la mto Amazon, Amerika Kusini. Ni wa familia moja na sato na perege, na ukimtazama akiwa mkubwa utauona undugu huo kwenye umbo la mwili na pezi la mgongoni. Huyu wa kidole huongezeka kama sentimita mbili kila mwezi katika miezi ya mwanzo, na ndani ya tangi zuri hufika sentimita 30 hadi 35, uzito wake ukikaribia kilo moja. Akitunzwa huishi miaka kumi na kupita.

Na miongoni mwa samaki wala nyama wanaouzwa kwa ajili ya matangi, oska ndiye mpole. Arowana wa Amazon hukaribia mita moja na ni mrukaji hodari. Tangi lisilo na mfuniko mzito utamkuta sakafuni asubuhi. Pangasi, yule wa kijivu anayeuzwa akiwa mdogo kwa sababu anafanana na papa, hupita mita moja. Kambale mkia-mwekundu wa Amerika Kusini naye hupita mita moja, na kwa maoni yangu hafai kuuzwa kwa mtu mwenye nyumba ya kawaida. Wa kwetu pia wapo: kambale na kamongo, ambao huvuta hewa ya juu na kwa hiyo huvumilia maji yenye oksijeni kidogo, lakini wote hukua kuliko sebule nyingi zinavyoweza kubeba. Nitamshika oska kama mfano. Hesabu ni zile zile kwa wengine, ila zidisha.

Amonia, na hesabu yake

Samaki mla nyama hula protini. Ndani ya protini mna naitrojeni, na mwili ukishaitumia protini, naitrojeni iliyobaki lazima itoke. Sisi huitoa kama urea kwenye mkojo. Samaki huitoa kama amonia, na sehemu kubwa hupitia kwenye matamvua, usiku na mchana, hata maji yakionekana maangavu kama ya chupa. Hilo ndilo linalowapotosha wengi: amonia haina rangi, na kwa viwango vinavyoua samaki hutaisikia harufu yake.

Wafugaji wa samaki wa kibiashara wana kanuni ya kukadiria: chukua uzito wa chakula, zidisha kwa kiwango cha protini, kisha zidisha kwa 0.092. Jibu ni kiasi cha naitrojeni ya amonia kitakachoingia majini. Oska mkubwa akila gramu 5 za vidonge vikavu kwa siku, vyenye protini asilimia 45, unapata takriban gramu 0.2, yaani miligramu 200. Ziweke kwenye tangi la lita 100, lile ambalo watu wengi huanza nalo: ni miligramu 2 kwa kila lita, kwa siku moja. Kwenye tangi la lita 300 ni chini kidogo ya miligramu 0.7. Samaki yule yule na mlo ule ule, lakini wa kwanza anaishi kwenye sumu mara tatu ya mwenzake.

Sumu hiyo ina sura mbili majini. Moja ina chaji ya umeme na haimdhuru sana samaki. Nyingine haina chaji, nayo hupenya kwenye matamvua na kuyaunguza. Hii ndiyo inayoua, na huanza kuleta madhara ikifika sehemu ndogo tu za miligramu kwa lita, kama 0.05. Kinachoamua ni kiasi gani kitakuwa sura ya kwanza na kiasi gani cha pili ni mambo mawili: pH ya maji (kipimo cha asidi, ambacho hupanda asidi ikipungua) na joto. Maji yakiwa na pH 7 na joto la nyuzi 28, chini ya asilimia 1 ya amonia yote ni ile mbaya. Pandisha pH hadi 8 kwa joto lile lile, inakuwa kati ya asilimia 6 na 7. Hapo samaki wawili wenye kipimo sawa cha amonia wanaweza kuwa na hali tofauti kabisa, mmoja anaomba chakula na mwingine amelala ubavu.

Kwa Dar hili si jambo la darasani. Maji yetu ni ya joto mwaka mzima, na nyumba nyingi hutegemea kisima, ambacho maji yake mara nyingi yana madini mengi na pH ya juu. Kwa maana hiyo mfugaji wa hapa hana nafasi ya kukosea aliyonayo mwenzake anayefuga kwenye maji laini ya nchi ya baridi, na maelekezo mengi tunayoyasoma yaliandikwa kwa ajili ya huyo mwenzake.

Walaji wasioonekana

Amonia haibaki kuwa amonia. Bakteria wanaoota kwenye sponji, mawe, mchanga na kuta za kioo huila na kuigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu kwa sababu huizuia damu kubeba oksijeni. Kundi jingine, hasa wale wanaoitwa Nitrospira, huigeuza naitraiti kuwa naitreti. Naitreti ina ukali mdogo zaidi, na huondolewa kwa kubadilisha maji. Mnyororo ni huo tu. Filta nzuri ni nyumba ya bakteria hao, na uwezo wa kuchuja uchafu unaoonekana ni faida ya pili.

Kundi la bakteria halijengeki kwa siku moja. Tangi jipya huchukua wiki nne hadi sita kukomaa, likilishwa amonia kidogo kidogo kabla ya samaki kuingia. Njia ya mkato iliyo halali ni moja: omba kipande cha sponji iliyotumika kutoka kwenye tangi la mtu ambaye samaki wake hawaugui, ukiweke kwenye filta yako kikiwa bado kibichi. Chupa za bakteria zipo, lakini zikishakaa kwenye kontena lenye joto miezi kadhaa, mimi sizitegemei.

Ukilielewa hili utaelewa pia kwa nini samaki wengi wa Dar huuawa na usafi. Jumamosi asubuhi tangi linamwagwa lote, mawe yanasuguliwa kwa brashi, sponji inafuliwa kwa sabuni na kusuuzwa kwenye maji ya bomba yenye klorini, kioo kinang'aa, samaki anarudishwa. Jumatatu anapumua kwa haraka. Jumanne hataki kula. Jumatano dada wa kazi anaulizwa amempa nini. Hajampa kitu, ameua bakteria wote kama alivyoagizwa, na samaki ameanza upya kwenye tangi bichi akiwa na mwili wa kilo moja. Sponji hukamuliwa kwenye ndoo ya maji yaliyotoka kwenye tangi lenyewe, mpaka yapite vizuri, basi. Ikibaki ya kahawia, ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Tangi, na ule uongo wa muuzaji

"Bosi, huyu anakua kulingana na tangi." Sentensi hii imeuza oska wengi kuliko bango lolote. Kilichopo ni kwamba samaki anayeishi kwenye naitreti nyingi na nafasi finyu hudumaa, uti wa mgongo unaweza kupinda, na hufa mapema. Aliyekufa na sentimita 18 hakukua kulingana na tangi. Alidumaa.

Kwa oska mmoja, lita 300 ndizo ninazoziona kama kiwango cha chini cha mtu mzima. Vipimo vya sentimita 120 kwa 50 kwa 50 vinakupa lita hizo kwa usahihi. Usikubali upana wa sentimita 30 hata kama urefu ni mita mbili, kwa sababu samaki wa sentimita 33 hawezi kugeuka humo bila kujikunja. Fundi vioo atakutengenezea kwa bei ya chini kuliko la dukani; mtake kioo cha milimita 10, na silikoni isiyo na dawa ya kuzuia fangasi, maana dawa hiyo huvuja majini. Lijazwe kwanza uani kwa siku kadhaa, likivuja livujie huko.

Lita 300 ni kilo 300 za maji peke yake. Ongeza kioo, mchanga, mawe na meza yenyewe, unakaribia nusu tani kwenye eneo dogo. Stendi ya chuma iliyochomelewa ni bora kuliko kabati la mbao za vumbi, ambalo likilowa mara mbili huvimba na kufumuka. Kwa wanaoishi ghorofani, weka tangi kando ya ukuta unaobeba jengo, si katikati ya sebule.

Ndani usiweke mengi. Oska hupanga nyumba upya kila anapojisikia: atang'oa mmea, atasukuma jiwe, atachimba mchanga hadi kioo cha chini kionekane. Jiwe lililoegemezwa vibaya na hita ya kioo ni hatari kwake. Kwa bahati nzuri, hita hatuhitaji. Oska anataka nyuzi 24 hadi 28, na hata usiku wa Julai maji ya ndani ya nyumba Dar hayashuki vya kumsumbua. Shida yetu ni upande wa pili, kati ya Desemba na Machi, sebule iliyofungwa inapopandisha maji hadi nyuzi 31 au 32.

Maji ya DAWASA, maji ya kisima

Turudi kwenye hesabu. Zile miligramu 200 za naitrojeni zikishageuzwa zote na bakteria, zinakuwa takriban miligramu 900 za naitreti kwa siku. Katika lita 300 ni miligramu 3 kwa lita kila siku, 21 kwa wiki. Ukibadilisha nusu ya maji kila wiki, kipimo kitatulia kikipanda hadi karibu 42 kabla ya kubadilisha na kushuka hadi kama 21 baada ya hapo. Hicho ni kiwango anachoweza kuishi nacho. Kwenye lita 100 ni miligramu 63 kwa wiki, na hata ukibeba ndoo bila kuchoka utakuwa unakimbizana na kivuli.

Nusu ya lita 300 ni lita 150, ndoo saba na nusu za lita 20. Kila wiki, miaka kumi. Kama nyumbani kwenu maji hutoka kwa zamu, anza na simtank kabla ya samaki.

Maji ya bomba ya Dar, yanayosambazwa na mamlaka ya maji DAWASA, sehemu kubwa hutoka Mto Ruvu kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na hutiwa klorini ili tusiugue. Klorini hiyo huunguza matamvua na kuua bakteria wa filta. Maji yaliyokaa kwenye chombo kilicho wazi kwa siku nzima, huku pampu ya hewa ikiyatibua, huipoteza. Dawa ya kuondoa klorini, ambayo nyingi huwa na thiosalfeti ya sodiamu, hufanya kazi hiyo kwa dakika chache, na kwa mtu anayebadilisha lita 150 ni nafuu kuliko kupanga ndoo uani. Kumbuka pia kuuliza kama kuna mtu nyumbani aliyetia dawa ya kutibu maji kwenye tangi la juu wiki hiyo. Ni klorini ile ile, na huwa nyingi zaidi.

Maji ya kisima hayana klorini, lakini yana mambo yake. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi; visima vifupi vilivyo karibu na vyoo vya shimo vinaweza kuja na naitreti tayari, na hapo utakuwa unabadilisha maji machafu kwa maji machafu. Yakitoka chini ardhini mara nyingi huwa na oksijeni kidogo na kaboni dayoksaidi nyingi, kwa hiyo yapulizwe hewa kwanza. Pima pH baada ya kupuliza, si kabla, kwa sababu kaboni dayoksaidi ikitoka, pH hupanda. Oska huvumilia maji magumu kuliko samaki wengi wa Amazon, ilimradi yasibadilike ghafla. Anayeishi kwenye kisima chenye madini mengi na pH ya juu afikirie pia samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao maji yao ya asili yana pH karibu 9. Huko kuna mla samaki anayeitwa kuhe, mmoja wa wakubwa kabisa wa familia hiyo ya sato na oska. Watu wa Kigoma humjua zaidi kwenye sahani. Yeye naye hufika sentimita 80, kwa hiyo tatizo la ukubwa halijaondoka, limebadilisha makazi tu.

Jambo dogo lenye madhara makubwa: simtank nyeusi iliyopigwa jua hadi saa nane mchana hutoa maji ya moto. Badilisha maji asubuhi. Na kujazia maji yaliyokauka hakuhesabiki kama kubadilisha. Yanapokauka ni maji tu yanayoondoka. Naitreti na chumvi hubaki, na kila ndoo unayojazia huongeza nyingine.

Umeme ukikatika

Kwenye nyuzi 20 maji yaliyoshiba hewa hubeba miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Kwenye nyuzi 30 hubeba 7.6. Joto hilo hilo linalopunguza oksijeni humfanya samaki aihitaji zaidi, na mwenye kilo moja ndiye wa kwanza kuishiwa. Umeme ukikatika usiku wa Februari, filta ikisimama na uso wa maji ukitulia, utamkuta oska amepanda juu, mdomo umegusa uso wa maji, mashavu yanafunguka na kufunga bila kupumzika. Samaki mdogo wa sentimita tano kwenye maji kama hayo anaweza kuwa anaogelea kama kawaida.

Cha kwanza ni kuacha kulisha. Samaki aliyeshiba hutumia oksijeni zaidi, na mkubwa anaweza kukaa siku kadhaa bila chakula na asidhurike. Cha pili ni hewa. Pampu ndogo ya hewa ya kuchomeka kwenye USB hula wati mbili hivi, na pawabenki ya kawaida ya mAh 20,000 huiendesha zaidi ya saa 20. Hiyo ndiyo bima ya bei nafuu kuliko zote katika kazi hii, na sioni sababu ya mtu kununua taa ya rangi kabla hajainunua.

Ukiunganisha pampu hiyo na filta ya sponji, unapata kingine: bakteria nao wanaendelea kupata oksijeni. Filta ya kopo, ile inayokaa chini ya meza ikiwa imefungwa, haina bahati hiyo. Ikisimama saa nyingi, bakteria wa ndani humaliza oksijeni na kufa, na maji yaliyomo huoza. Umeme ukirudi saa kumi alfajiri inajiwasha yenyewe na kusukuma uozo huo wote kwenye tangi. Kama imesimama usiku mzima, ichomoe, ifungue, unuse. Harufu ya yai viza ikikupiga, mwaga maji yote ya ndani na usuuze sponji kwa maji ya tangi kabla ya kuwasha. Ndiyo maana kwa hapa Dar napendelea filta mbili, moja ya kopo kwa nguvu na moja ya sponji kwa usalama, hata kama muuzaji atasema moja inatosha.

Pampu ya wati 25 inayofanya kazi mfululizo hula uniti 18 kwa mwezi kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Si nyingi, ila kwa nyumba iliyo kwenye daraja la matumizi madogo, lenye ukomo wa uniti 75, zinaweza kukutoa kwenye daraja hilo. Piga hesabu kabla.

Mlo

Tazama oska anavyokula kidonge. Hakimezi moja kwa moja. Hukivuta mdomoni kwa kishindo, hukitafuna kwa meno ya kooni, na kwenye mashavu yote mawili hutoka wingu la unga unaoelea na kutua mchangani. Sehemu ya kila mlo haimfikii tumboni. Inaoza chini, na inakuwa amonia bila hata kupita kwa samaki. Nyonya unga huo kwa mpira kila unapobadilisha maji.

Chakula kikuu kiwe vidonge vinavyoelea. Vya maduka ya samaki wa mapambo ni ghali. Vidonge vya kambale wa kufugwa, ambavyo huwa na protini nyingi kuliko vya sato, hufanya kazi hiyo vizuri na hupatikana kwa wauza vyakula vya mifugo. Ongeza kamba wabichi na maganda yao kutoka soko la samaki la Feri, vipande vya samaki wa baharini wasiotiwa chumvi, panzi waliokamatwa mahali pasipopuliziwa dawa. Mdogo ale kila siku, mkubwa mara moja kwa siku au siku moja baada ya nyingine. Atakuomba hata hivyo. Oska humtambua anayemlisha, hugonga kioo, hutikisa mkia, hugeuza macho. Ukimsikiliza utamnenepesha hadi ini lishindwe.

Nyama ya ng'ombe, moyo wa ng'ombe na kuku si mlo wa kila siku. Mafuta ya wanyama hao, hasa ya ng'ombe, huganda kwenye joto la mwili wa samaki, na mwili wake haukuumbwa kuyashughulikia. Na kuhusu ule mchezo wa kumrushia samaki hai huku wageni wakirekodi video, samaki wa bei rahisi kutoka kwenye ndoo ya dukani ni njia nyepesi ya kuingiza ugonjwa, na yule wa dhahabu ana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Anayelishwa hao kila siku hupungukiwa vitamini akiwa ameshiba.

Ukiona vishimo vidogo vinachimbika kichwani, juu ya macho na pembeni, usikimbilie dawa. Ugonjwa huo wa vishimo vya kichwa huandamana na naitreti nyingi na mlo wa aina moja, na wakati mwingine vimelea vya tumboni. Badilisha maji mara mbili kwa wiki, badilisha mlo, kisha ndipo utafute mtaalamu kama haukupungua.

Kuhusu wenzake wa kuishi naye: kinachoingia mdomoni kitaliwa, kisichoingia kinaweza kupigwa. Yule samaki anayeuzwa kama "msafishaji" hasafishi chochote cha maana. Anakula ukoga na kutoa kinyesi chake, yaani ameongeza amonia.

Akishinda uwezo wako

Wapo watakaofika hapa wakiwa tayari na oska wa sentimita 28 kwenye tangi la lita 100. Asitupwe Mto Msimbazi wala kwenye bwawa la mtu. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, na katika miongo iliyofuata aina nyingi za furu ambazo hazikuwepo popote pengine duniani zikapotea. Oska mwenyewe ameshajenga makazi Florida baada ya kuingizwa huko, na hali ya hewa yetu inamfaa kuliko ya huko.

Kwa Dar kuna suluhisho ambalo maandishi ya nchi za baridi hayalitaji kwa sababu kwao haliwezekani: nje. Tangi la saruji la mita mbili kwa moja kwa moja hubeba lita 2,000, na kwa mwenye kiwanja na fundi mwashi, gharama yake hushindana na kioo cha lita 300. Ule mlo wa gramu 5 humo huongeza miligramu 0.1 tu ya amonia kwa lita kwa siku, na ukoga wa kijani ukutani hula sehemu yake. Kosa lako linakuwa na nafasi ya kurekebishwa kabla halijaua, hata umeme ukikatika.

Saruji mpya hutoa chokaa na kupandisha pH sana, kwa hiyo jaza, acha siku kadhaa, mwaga, rudia mpaka kipimo kitulie. Weka kivuli cha nusu nzima ya uso, kwa mkeka wa makuti au wavu mzito, na wavu mwingine juu kwa ajili ya mdiria na kunguru. Kunguru wa jiji hili ataiba vidonge hata kama samaki hamwezi. Viluwiluwi vya mbu havitadumu humo, oska mdogo atavimaliza. Utakachopoteza ni kumwona kwa ubavu. Wengine humwambia fundi aache dirisha la kioo upande mmoja. Linawezekana, ila hapo kioo kinapokutana na saruji ndipo panapovuja kwanza, kwa hiyo liache likae na maji wiki mbili bila samaki kabla hujamlipa fundi fedha ya mwisho.